Mwenye Kupokeza Khabari Ana Dhamana



Suala tunalotaka kulitazama ni hili: mtu akipokea khabari kwa mwenziwe, akaipeleka kwa wengine, wala hakuitunga yeye, je, ana dhamana nayo? Wengi hujibu pale pale: “Mimi nimeipokea tu, nami nimeipeleka kama nilivyoipokea.” Maneno haya twayasikia sokoni Daraja Mbili mjini Kisii, twayasikia ndani ya matatu ziendazo Nyamira, na kwa masikitiko twayasikia hata barazani petu baada ya darasa. Sisi twaona kuwa huo ni udhuru dhaifu.

Mwenzetu mmoja alituonyesha katika simu yake picha ya nyumba zinazoungua, na chini yake pameandikwa kwamba mapigano yamezuka tena mpakani mwa Borabu na Sotik. Tulimwuliza mambo matatu: Nani aliyeipiga picha hii? Aliipiga lini? Nani aliyekuletea? Aliweza kulijibu la tatu tu: ameletewa na jamaa yake. Naye alikuwa amekwisha kuipeleka kwa makundi matatu. Tulipotafuta tukaona picha ni ya miaka mingi nyuma. Vijana walicheka, lakini wazee hawakucheka. Wao wakumbuka mwanzo wa mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, jinsi watu walivyouawa na nyumba zilivyochomwa katika mpaka huo huo, na jinsi jumbe za simu za chuki zilivyokuwa zikizunguka Kenya.

Wala tusiseme kuwa simu ndiyo iliyoleta ugonjwa huu. Oktoba 2021, huko Marani katika Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa kutuhumiwa uchawi. Ili tuhuma kama hiyo iue, yatosha watu wasadiki kabla ya kuuliza.

Basi, kwa kuwa dawa ni kuuliza, yafaa tukijue chombo kimoja kinachomsaidia mwenye kuuliza. Tovuti nyingi hutoa kitu kiitwacho mlisho: faili ndogo yenye vichwa vya khabari mpya, na kwa kawaida tarehe zake na anwani ya mahali zilipotoka. Mtu huwa na programu ya kusomea milisho. Nayo huzizuru tovuti alizozichagua yeye mwenyewe na kumkusanyia mapya yao mahali pamoja. Utaratibu mmoja wa namna hii, RSS, ulianza mwaka 1999 katika kampuni ya Netscape. Mwenziwe, Atom, kanuni zake zilitolewa Desemba 2005. Google nayo ilitoa programu ya kusomea milisho mwaka 2005, ikaifunga Julai 2013. Siku hizi watu wengi hupata khabari katika mitandao ya kijamii, ambako mashine ndiyo iwachaguliayo la kuona. Lakini milisho haikufa. Hata podikasti husambazwa kwa njia hiyo mpaka leo.

Wanazuoni wetu wa Hadithi hawakulipokea neno bila ya isnadi: fulani kapokea kwa fulani, mpaka kwa aliyesikia. Khabari ya mlisho huja na mfano wa isnadi fupi, kwani anwani yake yakurudisha kwa aliyeitoa. Ujumbe uliopita mikono mia ni isnadi iliyokatika. WhatsApp humwonyesha mtu kuwa ujumbe umepelekwa mara nyingi, lakini haimwambii nani aliyeuanza. Januari 2019 kampuni hiyo ilizuia ujumbe kupelekwa kwa mazungumzo zaidi ya matano kwa mara moja. Aprili 2020, ule uliokwisha pelekwa mara nyingi ukaruhusiwa mazungumzo mamoja tu. Kizuizi hicho ni cha vidole. Cha moyo ni juu yetu.

Atasema msemaji: “Na muongo naye ana tovuti, na tovuti yake ina mlisho.” Kweli kabisa. Isnadi nzima yaweza kuishia kwa muongo. Ndiyo sababu wanazuoni wakaweka ilimu ya kuwachunguza wapokezi wenyewe. Tena, mwenye kujichagulia milisho aweza kuwachagua wampendezao tu, akawa kila siku asoma rai yake kwa kalamu za wengine. Hiyo ni taklidi, ijapokuwa imevaa nguo mpya. Chombo chakuonyesha mlango wa khabari, kuipima hakikupimii.

Januari 2008, serikali ikiwa imekwisha kupiga marufuku matangazo ya moja kwa moja tangu tarehe 30 Desemba 2007, Wakenya kadha, Ory Okolloh miongoni mwao, walianzisha tovuti ya kukusanya taarifa za machafuko na kuzionyesha juu ya ramani. Wakaiita Ushahidi. Jina hilo lina mafundisho: shahidi huulizwa aliona nini, wapi, na lini.

Basi jawabu letu ni kuwa mpokezi ana dhamana kwa kadiri ya uwezo wake wa kuuliza. Bibi kizee aliyesimuliwa jambo hawi sawa na kijana mwenye simu inayoweza kutafuta. Lakini asiyeweza kuhakikisha aweza kunyamaza. Na ikiwa ni khabari ya hatari isiyongoja, na aipeleke kwa wenye kuweza kuichunguza, aseme wazi: “Nimeipata kwa fulani, wala sijaithibitisha.” Aya ya sita ya Suratul Hujurat imetuamrisha uchunguzi huo, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta.

Twawausia vijana wetu: chagueni vyanzo vichache mvijuavyo, na kimoja kisichokubaliana nanyi, mnapopeleka khabari, pelekeni na anwani yake, na mkikosea, rudini pale pale mlipokosea.

Mwenzetu yule alirudi katika makundi yake matatu akasema kuwa amekosea. Watu wawili walimjibu kwamba wao wamekwisha kuipeleka mbele, wala hawakumbuki kwa nani.