Umefikia kwa Nani?

Swali la maadili ya safari aghalabu huulizwa upande mmoja tu: mwenyeji ana wajibu gani kwa mgeni? Methali zetu zimelijibu, na vitabu vya darasani vimezikariri methali hizo mpaka zimechakaa. Upande wa pili haujashughulikiwa sana. Mtu aliyefunga safari peke yake, kwa hiari yake, akaingia katika nchi ambayo hajapata kuiona, anadaiwa nini na watu wa nchi hiyo? Sisemi juu ya mkimbizi, wala juu ya aliyetumwa kikazi. Nasema juu ya yule aliyekwenda kwa kuwa alipenda kwenda. Nia yangu ni kulipima swali hili katika kisiwa cha Vamizi, pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, nchini Msumbiji. Lakini ndugu msomaji aniwie radhi, kwa maana njia yangu ya kufika huko inapitia Sumatra.

Ibn Batuta alitoka kwao Tanja mwaka 1325, kijana wa miaka ishirini na mmoja, hana mwenzi wa njiani. Mwaka 1331 aliteremka Mogadishu. Anasimulia kwamba jahazi ilipotia nanga, vijana wa mji waliijia kwa mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, na kila mmoja akamwendea mfanyabiashara na kusema: huyu ni mgeni wangu. Tangu hapo mfanyabiashara yule hakuwa na ruhusa ya kukaa kwingine. Ibn Batuta, kwa kuwa alikuwa mwanachuoni, alipelekwa kwa kadhi. Alilishwa kwa siku tatu. Siku ya nne akaletewa nguo, na miongoni mwake shuka ya kujifunga kiunoni, maana watu wa huko hawakuvaa suruali. Akajifunga, akaendelea na safari mpaka Mombasa na Kilwa.

Miaka kumi na minne baadaye, mnamo 1345, alifika Samudra, kaskazini mwa Sumatra, katika nchi iitwayo leo Indonesia. Lugha ya watu hakuijua. Na huko pia aliambiwa kwamba desturi ni mgeni kungoja siku tatu kabla ya kumwamkia Sultani, ili uchovu wa njia umtoke na akili yake itulie. Na huko pia alipewa nguo, akaacha suruali, akajifunga shuka kama wenyeji.

Siku tatu hizi zastahili kutafakariwa. Ni kweli kwamba zilikuwa hisani kwa mgeni, kwani mtu aliyechoka huona vibaya na husema vibaya zaidi. Walakini zilikuwa pia siku za wenyeji kumtazama. Wahenga wametuambia kwamba mgeni ni kuku mweupe. Msafiri wa pekee hudhani kwamba yeye ndiye macho na nchi ndiyo inayotazamwa, kumbe kijiji kizima kimekwisha kumpima kabla hajafungua mzigo wake. Nasi tunapofundisha kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, wanafunzi hucheka, wakidhani ni namna ya kumfukuza mtu kwa adabu. Mimi huiona tofauti. Hakuna ampaye jembe mtu asiyemwamini karibu na mihogo yake.

Basi kuna jambo moja katika habari za msafiri huyu ambalo halilingani na hayo. Kati ya Kilwa na Sumatra alipita visiwa vya Maldivi, akafanywa kadhi. Huko hakujifunga tu shuka ya wenyeji akanyamaza. Alijaribu kuwalazimisha wanawake wa visiwa wabadili mavazi yao, na kwa maneno yake mwenyewe hakufaulu. Mtu ni yule yule, na ugeni wake Maldivi haukuwa mdogo kuliko wa Samudra. Kwa nini basi huku alikuwa mwanafunzi na kule akawa hakimu? Jibu langu ni kwamba Maldivi walimpa cheo, na cheo kikamsahaulisha kwamba ni mgeni. Alikuta dini yake, alikuta sheria aliyoisomea, akahesabu kwamba yuko nyumbani, na kila kisichofanana na nyumbani akakiita kosa. Umbali haumharibu msafiri. Kinachomharibu ni mfanano.

Na hapo ndipo Vamizi inapotuhusu sisi walimu wa Kiswahili kuliko Sumatra. Mmoja wetu akienda Asia ya Kusini-Mashariki atajua tangu uwanja wa ndege kwamba hajui kitu. Atauliza jina la chakula, atatazama wenzake wanavua viatu wapi. Akishuka Vamizi ataona minazi, msikiti, kanga na jahazi. Ataona ngalawa, ambayo mbao zake mbili za kando wataalamu wengi wanasema asili yake ni mabaharia wa huko huko visiwa vya Indonesia. Atasikia Kimwani, na neno baada ya neno litamwingia sikioni kama la kwao. Hapo ataacha kuuliza. Kijana mmoja kutoka ng'ambo ya Ruvuma aliniambia kwamba kwao mwani ni ufuo, ni pwani, na ndipo Wamwani walipopata jina lao; akastaajabu kwamba kwetu mwani ni majani ya baharini. Neno ni lile lile, bahari ni ile ile, na maana mbili. Nimewasikia wasomi wakisema kwamba Kimwani ni Kiswahili kilichoharibika. Huyo ni kadhi wa Maldivi anayesema.

Madhara ya kiburi hicho si ya kisarufi tu. Tarehe 5 Oktoba 2017 wapiganaji wenye silaha waliushambulia mji wa Mocímboa da Praia, na tangu siku hiyo mamia ya maelfu ya watu wa Cabo Delgado wamehama makwao. Mwezi Septemba 2020 vita viliifikia Vamizi yenyewe. Nyumba zilichomwa, na hoteli ya watalii pia. Mwezi uliofuata kijiji cha Kitaya, upande wa Tanzania, kilishambuliwa. Miongoni mwa wapiganaji walikuwamo vijana kutoka nchi yetu, nao walisema Kiswahili. Tumezoea kuisifu lugha hii kuwa kiungo cha mwambao, nami naisifu. Lakini yafaa tukiri kwamba yupo mama kule ambaye aliwahi kuisikia usiku, mlangoni, kutoka kwa mtu mwenye bunduki. Mgeni wa pekee akimjia mama huyo na salamu ya Kiswahili safi, asitazamie kwamba ufasaha wake utamfungulia mlango.

Wapo watakaosema kwamba mwenyeji anayemhoji mgeni ameuacha utu. Siafikiani nao. Mgeni ataondoka na upepo; mwenyeji atabaki, na akihojiwa na jirani au na askari kwamba yule alikuwa nani, itambidi awe na jibu. Aliyekwenda peke yake, kwa kupenda kwake, amemtwika mwenyeji mzigo huo bila ya kumwomba. La haki ni ajieleze kabla ya kuombwa: jina, atokako, ajuaye habari zake, na siku atakayoondoka. Akiambiwa angoje, angoje. Akiambiwa leo haiwezekani, arudi chomboni bila ya kunung'unika, wala asiende kuandika kwamba watu wa kisiwa kile hawana ukarimu.

Katika masomo yetu ya mazungumzo, sura ya safari humfundisha mwanafunzi kuuliza bei, njia na saa ya kuondoka chombo. Mwaka huu nimeigeuza kidogo. Mwanafunzi mmoja hukaa kizingitini kama mwenyeji, na mwenziwe husimama nje na mzigo. Mwenyeji ndiye aulizaye: umetoka wapi, umefuata nini, umefikia kwa nani? Wengi hulijibu la kwanza upesi. La tatu huwachukua muda mrefu, na baadhi yao huomba ruhusa wakafikiri mpaka kesho.