Bega la Mvaaji na Mkono wa Mfumaji

Ndugu msomaji, leo twataka kukuuliza suala moja ambalo kwa juu juu ni dogo, lakini ndani yake mna mambo mawili makubwa. Mwanamke akifuma kwa mkono wake blauzi ya mabega wazi, kisha blauzi ile ikauzwa na kuvaliwa na mwingine, je, ni nani mwenye hesabu mbele ya Mwenyezi Mungu, na hesabu hiyo ni ya nini? Wengi wetu tukiulizwa hivi hukimbilia kwenye bega. Twakuomba usifanye haraka. Bega tutalifikia, lakini uko na mkono, na mkono nao una haki ya kuulizwa habari zake.

Tuchukue mfano, ili maneno yetu yasiwe matupu. Maguu ni kata katika Wilaya ya Mbinga, Mkoa wa Ruvuma, kwenye milima ya Wamatengo. Ni nchi ya kahawa, na ni nchi ya ngoro, yaani yale mashimo yanayochimbwa safu kwa safu ubavuni mwa mlima ili mvua isichukue udongo. Mwezi wa Juni na Julai huko ni baridi, na sweta si pambo. Ukiteremka upande wa magharibi wafika Ziwa Nyasa, na huko ni joto kama kwetu. Wenyeji wa milima hiyo wengi wao ni Wakristo. Fedha ya kahawa huja kwa msimu, na mahitaji ya nyumbani hayangojei msimu.

Sasa tuseme yuko binti wa Maguu afumaye vitambaa vya makochi. Akamjia mchuuzi Muislamu kutoka Pwani, akamwonyesha picha ndani ya simu: blauzi ya wakati wa joto, ya uzi mwepesi, isiyo na mabega. Akamwagiza dazeni moja, apate kwenda kuziuza mjini na kwa watalii wa ufukweni. Binti mwenyewe hataivaa, kwani baridi ya kwao haimruhusu, na pengine mama yake pia hamruhusu. Yeye atafuma tu.

Tuanze na bega. Nguo hii si ngeni kwetu kama tunavyojidai. Mabibi zetu walijifunga kanga kifuani, wakashinda uani wakitwanga na kukuna nazi na mabega yao wazi, wala hakuna aliyesema kuwa wamekosa haya, kwa sababu palikuwa na ukuta na palikuwa na mlango. Katika usiku wa kupamba, Lamu na Mombasa, wanawake wakiwa peke yao huvua mabuibui wakaonyesha nguo ambazo barabarani hazionekani. Na katika madhehebu yetu ya Shafii, bega la mwanamke si uchi mbele ya mumewe, wala mbele ya wanawake wenzake Waislamu. Basi blauzi yenyewe haina dhambi, kwani ni uzi. Swali ni itavaliwa wapi, na mbele ya nani.

Huenda ukasema: "Lakini mchuuzi ajua kuwa itavaliwa njiani." Hapo umesema kweli, na hapo ndipo pa kusimama. Wanazuoni walilijadili jambo la namna hii zamani walipoulizwa juu ya kumuuzia zabibu mtu atengenezaye ulevi. Walisema kuwa zabibu ni halali, lakini muuzaji aliye na yakini kuwa zitageuzwa ulevi hawezi kujitoa lawamani, na mwenye shaka tu hukumu yake ni nyepesi zaidi. Kwa kipimo hicho, mwenye kuulizwa kwanza katika mfano wetu ni mchuuzi. Yeye ndiye ajuaye sheria yake, ndiye aliyechagua picha, na ndiye ajuaye soko. Binti wa Maguu si wa dini yetu, hamjui mvaaji, na anatafuta chumvi na daftari za wadogo zake. Kumtwisha yeye mzigo wa bega ni kumwonea.

Ama tukimaliza hapo, tutakuwa tumesoma nusu ya hesabu. Tutazame na mkono.

Kufuma kwa kroshia, dada msomaji wayajua haya kuliko sisi, ni kazi ya sindano moja yenye ndoano nchani. Mfumaji hufanya mnyororo wa vitanzi kuzunguka kifua, huufunga ukawa duara, kisha huteremka mzunguko kwa mzunguko, kila kitanzi kikipita ndani ya mwenzake, na juu hutia mpira ili nguo ishike pasipo mabega. Sweta zina mashine za kuzifuma kwa wingi. Kroshia ya kweli mpaka leo haina mashine ya kiwandani. Viwanda huiga sura yake tu. Maana yake ni kwamba popote uonapo kroshia ya kweli, iwe Kariakoo au London, yuko mtu aliyekaa akaifuma kitanzi kwa kitanzi. Ikiwa bei yake ni ya kutupa, basi kilichotupwa ni siku za mtu huyo. Ireland, katika njaa kubwa iliyoanza mwaka 1845, wanawake walifuma lesi za kroshia ili watoto wao wasife. Mabibi waliozivaa waliona pambo, lakini kwa mfumaji lesi ile ilikuwa ni chakula.

Rudi Maguu. Tuseme blauzi moja yataka siku nne. Uzi wake ni shilingi 10,000, na mchuuzi atoa 15,000. Ukitoa uzi, mkono umepata shilingi 5,000, yaani 1,250 kwa siku. Mjini blauzi ile yauzwa mara tatu ya hapo. Na mara nyingine mambo huwa mabaya zaidi: siku ya kupokea mzigo mchuuzi husema, "Soko limeharibika, chukua 12,000." Binti afanye nini? Picha si yake, na kijijini hakuna wa kuivaa. Qurani Tukufu, katika Suratun Nahl, yawafananisha wavunjao ahadi zao na mwanamke aliyeufumua uzi wake baada ya kuusokota ukawa imara. Mfumaji aelewa mfano huo upesi, kwani kroshia ukiivuta ncha ya uzi hufumuka yote. Anayevunja mapatano siku ya malipo amevuta ncha hiyo.

Na sisi watu wa Pwani tuna sababu ya kuliangalia jambo hili kwa macho mawili. Njia ya kutoka Ziwa Nyasa kuja Pwani si mpya. Katika karne ya kumi na tisa misafara ilitoka huko ikateremka mpaka Kilwa Kivinje, na wengi wa waliotembea katika misafara ile walikuwa wamefungwa. Kutoka Kilwa walipelekwa Unguja na Pemba kwenye mikarafuu, na wengine mpaka Malindi. Katika miji yetu mtumwa wa kike alijulikana kwa mavazi: kaniki iliyofungwa kwapani, kichwa na mabega wazi, kwani sitara ilihesabiwa kuwa ni heshima ya waungwana. Seyyid Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873, na mwaka 1897 hadhi ya utumwa ikafutwa kisheria Unguja na Pemba. Baada ya hapo wanawake walioachiwa walinunua kanga, na baadaye wakavaa buibui, kuonyesha kuwa nao ni watu.

Basi fikiri, ndugu yangu. Nyumba zetu ziliwahi kuyaacha wazi mabega ya mwanamke wa Nyasa, huku zikila jasho lake. Leo tukimwona mjukuu wa nchi hiyo akifuma nguo ya mabega wazi, je, inatutosha kushangaa juu ya bega?

Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari, katika hadithi itokayo kwa Mola mwenyewe, kuwa wako watu watatu ambao Yeye atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama. Mmoja ni aliyeahidi kwa jina Lake kisha akahini. Wa pili ni aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Wa tatu ni aliyemwajiri mtu, akaipata kazi yote, asimpe ujira wake. Tazama walivyopangwa. Mwenye kuuza mtu na mwenye kula ujira wamesimama safu moja, wala hadithi haikusema kuwa mwajiriwa awe Muislamu.

Hatusemi kuwa malipo mema huihalalisha nguo ya kutembelea uchi. La. Twasema hesabu ni mbili, na moja haifuti nyingine. Mchuuzi yule angeweza kuagiza shali za kuswalia badala ya blauzi, na jambo la bega likaisha. Lakini kama angelipa vile vile, kila shali ingekuwa na dhuluma ambayo mvaaji haioni. Na hapa usimtazame mchuuzi peke yake. Itazame kofia ya viua uliyoivaa Ijumaa, ambayo mshonaji wake aliikalia wiki na miezi. Je, alipata haki yake, au tulimwambia kuwa kazi ya kukaa barazani si kazi?

Mtume (s.a.w.) aliletewa na mwanamke mmoja shuka aliyoifuma kwa mkono wake, akaipokea hali akiihitaji, wala hakuiona kazi ile kuwa ni ndogo. Na Bibi Zainab binti Jahshi, mkewe, alikuwa akifanya kazi kwa mikono yake na kutoa sadaka, hata wakeze wengine wakatambua baadaye kuwa yeye ndiye aliyekusudiwa aliposema kuhusu mwenye mkono mrefu.

Basi wewe mnunuzi, ukishika nguo ya kufumwa sokoni, uliza mambo mawili: nitaivaa wapi, na aliyeifuma alipata nini. Nawe mfanyabiashara, agiza kile ambacho dhamiri yako yakiridhia, patana bei kabla ya kitanzi cha kwanza, na uilipe bei ile ile siku ya mwisho. Hapo utakuwa umemsitiri mvaaji na umemsitiri mfumaji, kwani umasikini wa kudhulumiwa nao ni uchi.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa na haya ya macho na haya ya mkono. Amin.