Boliti za Ruvu



Mwaka 2014 nilikuwa kidato cha tatu, tunakaa Mlandizi. Binamu yangu wa Kisarawe akija likizo, kazi yetu ni kuzurura. Kwao tulishaingia mapango ya Pugu, kulikochimbwa udongo mweupe wa kaolini, siku hizi ni makazi ya popo. Kwetu kulikuwa na reli.

Siyo ile ya kati. Nasema tawi linalotoka Ruvu kwenda Mnyusi, kilomita 188, lililokamilika mwaka 1963 kuunganisha reli ya kati na ya Tanga. Wakati ule lilikuwa limelala miaka mingi. Nyasi zilitufika mabegani, miti imeota katikati ya mataruma. Tulitembea kama saa tatu, hatusikii kitu ila ndege.

Binamu akainama, akashika boliti iliyolegea. Ikatoka. Tukatafuta nyingine. Jioni tulikuwa na nusu kiroba, na mnunuzi wa skrepa akatupa shilingi 4,500. Tukala chipsi mayai.

Sikuungama. Niungame nini? Kitu kimeachwa porini, kinaoza, mwenyewe hakitaki.

Desemba 2019 treni ya abiria ikaanza tena kwenda Moshi kwa njia hiyohiyo, baada ya zaidi ya miaka 20. Bibi yangu akakata tiketi ya Korogwe. Nilimsindikiza, nikampandishia mizigo, akanipungia mkono dirishani kama mtoto. Treni ilipoondoka nikaanza kuhesabu boliti kichwani. Najua njia ilikarabatiwa, mafundi walipita na kufunga mpya. Lakini hizo mpya zilinunuliwa.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliliona swali hili zamani. Anasema mtu akiokota kitu na kuamini kweli kwamba mwenyewe amekitelekeza, akikichukua hajaiba. Niliposoma hapo nilifurahi sana, nikajiona nimepona. Halafu nikakumbuka kile kiroba. Juu yake tuliweka majani. Tukakaa pembeni ya njia mpaka giza liingie ndipo tukaingia mtaani. Sasa anayeamini ameokota cha bure, anaficha nini?

Kanisa linafundisha pia kwamba mwenye shida kubwa kabisa, akichukua cha kumwokoa uhai, hahesabiwi mwizi. Hiyo nayo haikunisaidia. Nyumbani kulikuwa na ugali na dagaa, tulitaka chipsi.

Nikaenda kuungama. Padre hakunigombeza. Aliniuliza tu: mwenye mali unamfahamu? Nikasema ndiyo, ni shirika la reli. Akasema basi, kusamehewa umesamehewa, ila cha watu kinarudi kwa watu. Kuwapa maskini ni pale mwenyewe asipopatikana.

Mbaya zaidi, mimi ndiye niliyemtaja Zakayo, nikijifanya najua Injili. Mara nne. Yaani 18,000.

Binamu nilimpigia, akacheka mpaka simu ikakatika. "Kaka, utafika dirishani useme nini? Nipe tiketi ya boliti?" Kwa kweli nami sijui nitasemaje. Nimeandika barua mbili nikazichana, moja kwa sababu ilijitetea mno, nyingine ilikuwa na maringo ya mtu anayetaka asifiwe kwa kutubu. Ya tatu ina mistari minne. Ipo mezani na hela imo ndani ya bahasha, na Jumatatu nina zamu ya mchana, kwa hiyo asubuhi nina nafasi.