Simu Isimame au Ilale?

Chukua picha ya kawaida ya video, ile iliyolala, pikseli 1920 kwa 1080. Sasa ikate iwe iliyosimama, ile ya TikTok, bila kugusa kimo chake. Unabaki na upana wa pikseli 607 hivi, chini ya theluthi moja. Hizo theluthi mbili zingine zimeenda, na kuna mtu amechagua ziende.

Zamani (yaani juzi tu) ulichagua umbo moja. Unalaza simu kwa ajili ya YouTube ama unaisimamisha kwa ajili ya TikTok, na wale wengine watajijua. Siku hizi unapeperusha zote mbili kwa pamoja. Programu ya OBS ikiongezewa kipande kidogo inafanya hiyo kazi hata kwa laptopu ya mtumba, na mwaka wa 2025 YouTube na Twitch zote zilitangaza kwamba zinaleta uwezo huo zenyewe. Kwetu Kisumu Ndogo (ile ya Kibera) kinachosumbua ni bando na stima. Video ya megabiti 4 kwa sekunde inakula gigabaiti 1.8 kwa saa. Ukituma mbili, zidisha mara mbili, kisha omba stima isipotee.

Wasee wengi wanaona hili ni jambo la mafundi. Mimi linaniletea swali lingine: mtu akikuruhusu umwonyeshe mubashara, amekuruhusu umwonyeshe kwa umbo gani?

Nina rafiki anayepeperusha mechi za mtaa uwanjani Kamukunji, harusi, ibada na, kuliko hizo zote, michango ya matanga. Nikikosa kazi ya kuandika humsaidia, kwa hivyo humsaidia sana. Kazi yangu ni kusukuma kisanduku. Kwenye skrini unaona picha nzima iliyolala, na juu yake kuna kisanduku kilichosimama ambacho unakivuta kushoto na kulia. Kilichomo ndani ndicho wanachoona watu wa TikTok. Kwa mechi hakuna dhambi, unafuata mpira. Wa TikTok wanaona bao, wa YouTube wanaona pia yule winga aliyekimbia bila mpira akamvuta beki mbali.

Matanga ni story nyingine. Mtu akifa hapa na nyumbani kwao ni Siaya, watu hukutana jioni baada ya jioni kuchanga: bili ya mochari, jeneza, gari la kusafirisha mwili. Jamaa walio Doha na Riyadh wanahudhuria kwa simu. Kwenye picha iliyolala unaona hema, viti vya plastiki, akina mama wa chama wakiandika majina kwa daftari, vijana wa bodaboda wamesimama nyuma, sufuria ya chai ikipita. Kwenye iliyosimama unaweza kuona mama mmoja tu, analia. Ni jioni ile ile na sekunde ile ile, lakini picha moja inasema huyu mama ana watu, na nyingine inasema hana mtu.

Na doo inafuata ile ya pili. Kisanduku kikikaa kwa uso wa mama, simu ya mweka hazina inaanza kuita ujumbe wa M-Pesa. Kikienda kwa kamati, kimya. Rafiki yangu husema mochari wanahesabu kila siku, na kuogopa picha ni mambo ya walioshiba. Sina jibu la haraka kwa hilo, na simwamini mtu aliye nalo.

Ila Kibera imekaa ndani ya hicho kisanduku kabla TikTok izaliwe. Mtoto mmoja, mtaro mmoja, mgeni mmoja na kamera. Vijana wa hapa waliposhika ramani kwa mradi wa Map Kibera mwaka 2009, na baadaye kuanza kutengeneza habari zao za video kupitia Kibera News Network, ilikuwa kwa sababu mtaa ulikuwa unajulikana kwa vipande. Hata idadi yetu ilikuwa ya kusikia: watu walizoea kutaja milioni moja, kisha sensa ya 2009 ikahesabu kama 170,000. Shida kubwa inauzika kuliko shida iliyopimwa.

Sichukii simu iliyosimama. Tarehe 25 Juni 2025 Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza televisheni na redio ziache kupeperusha maandamano mubashara. NTV na KTN zikazimwa, hadi Mahakama Kuu ikasimamisha agizo hilo. Wakati huo wote simu za watu mfukoni hazikuhitaji ruhusa ya mtambo wowote. Lakini hata pale kisanduku kina ukali wake. Ndani ya picha pana wewe ni sehemu ya umati, ndani ya ile nyembamba wewe ni uso. Kufikia mwisho wa Desemba 2024, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu visa 82 vya utekaji nyara tangu maandamano ya Juni mwaka huo. Sisemi video ndizo zilizowapeleka. Nasema mtu aliyekubali kuandamana na maelfu hajakubali kusimama peke yake mbele ya nchi.

Sheria haijafika hapo. Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza klabu ya Casa Vera faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini, na nilifurahi. Lakini hiyo ni hesabu ya ndiyo ama la. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema pia kwamba idhini unaweza kuiondoa wakati wowote, na hapo ndipo mama mmoja wa matanga alinipa somo.

Tulimwonyesha skrini zote mbili kabla ya kuanza. Aliangalia ile ya kulala, akaangalia ile ya kusimama, akauliza, "Na hawa wengine wameenda wapi?" Nikamwambia, mama, huku wamekatwa. Akanyamaza. Kisha akasema, "Sawa mwanangu, niweke hapo. Lakini pesa ya gari ikitosha, mnitoe."

Hakusema hapana. Alipima aibu yake na bei ya gari, akatoa idhini yenye mpaka, na ni yeye tu aliyekuwa na haki ya kupiga hesabu hiyo, wala si mimi wala rafiki yangu. Mweka hazina alipoinua mkono nilikisogeza kisanduku hadi kwa wanawake wa chai. Usiku huo tukafuta rekodi ya TikTok. Wiki iliyofuata kipande cha uso wake kilikuwa bado kinazunguka, kimewekwa na mtu tusiyemjua, na wimbo wa huzuni juu yake.

Kwa hivyo siku hizi, pamoja na kuonyesha skrini mbili, tunamwambia mwenye msiba kwamba "mnitoe" ni ahadi tunayoweza kuitimiza kwetu tu. Wengine wanakubali hata hivyo. Wengine wanakataa, na hapo kisanduku kinakaa kwa daftari la michango jioni nzima, huku mwandishi akilamba kidole afungue ukurasa mpya, na watu wa TikTok wakiondoka mmoja mmoja.