Supu ya Mwaka Mpya na Swali la Jirani

Kila mwaka, asubuhi ya tarehe 1 Januari, nyumba za Wahaiti hunukia supu ya boga. Hunukia hivyo mjini Port-au-Prince na katika vijiji vya milimani. Hunukia hivyo hivyo katika nyumba za ghorofa za Brooklyn, Miami na Boston, na kule Montreal ambako wakati huo theluji imefunika njia. Supu hiyo, ambayo kwa lugha yao ya Kikreoli huitwa soup joumou, ina historia yake. Yasimuliwa kwamba zamani za utumwa mtumwa ndiye aliyelima boga na kuipika supu, lakini kuionja haikuwa halali yake. Kilikuwa chakula cha bwana. Basi tarehe 1 Januari 1804, walipotangaza uhuru wao baada ya vita vilivyoanza mwaka 1791, watumwa wa jana walikaa wakanywa supu ya mabwana. Tangu siku hiyo hawajaacha kuinywa. Wala haifai kuinywa peke yako: mtu hujaza bakuli akampelekea jirani, na jirani naye huleta lake. Mwezi Desemba 2021 shirika la UNESCO liliiandika desturi hiyo katika orodha ya urithi wa wanadamu wote.

Wasomaji wapenzi, tumelianza neno letu na bakuli la supu kwa kuwa ndani yake mna swali kubwa kuliko bakuli lenyewe. Swali ni hili: Je, kuwapenda watu wa kwetu, wa damu yetu na lugha yetu, ni fadhila? Au ni jambo la maumbile tu, kama kuku apendavyo vifaranga vyake, lisilo na sifa yoyote mbele ya Mungu?

Kwanza tuwatazame watu wenyewe. Wahaiti ni wajukuu wa Waafrika waliochukuliwa kwa nguvu kutoka Guinea, Dahomey na Kongo, na wengine hata kutoka pwani ya Msumbiji, katika bahari hii yetu ya Hindi. Walijikomboa kwa mikono yao. Lakini uhuru wao waliulipia mara ya pili: mwaka 1825 Ufaransa iliwatoza faranga milioni 150 ili kuwafidia mabwana waliopoteza mashamba na watumwa. Mwaka 1838 deni hilo lilipunguzwa likawa milioni 90, lakini mikopo iliyotwaliwa kwa ajili yake haikumalizika kulipwa mpaka mwaka 1947. Kisha ukaja utawala wa kina Duvalier, baba na mwana, tangu 1957 mpaka 1986. Walimu, madaktari na wanasheria walikimbia, wengine Montreal na New York, wengine hata Kongo, ambako baada ya uhuru wa mwaka 1960 walifundisha shuleni na kutibu wagonjwa. Nyuma yao walifuata maskini, katika mashua mbovu, kuelekea Florida. Mwezi Oktoba 1981 maiti 33 za watu hao zilitupwa na mawimbi katika ufuko mmoja wa Florida. Hatimaye, tarehe 12 Januari 2010, tetemeko la ardhi liliubomoa mji mkuu, na wengi zaidi wakatawanyika.

Zamani Haiti ilipokuwa na mikoa tisa, watu walizoea kuwaita ndugu zao wa ng'ambo "mkoa wa kumi". Mwaka 2003 ulipoanzishwa mkoa mpya wa Nippes, mikoa ya nchi ikawa kumi kweli. Basi walio ng'ambo wakasogezwa, wakawa wa kumi na mmoja. Mkoa huo hauna mipaka wala ardhi. Umesimama juu ya nini, basi?

Umesimama juu ya mambo madogo ambayo sisi nasi tunayafahamu. Wanao mchezo wa fedha uitwao sòl, ambao ndio upatu wetu: tuseme wanawake kumi, kila mmoja hutoa dola 100 kila juma, na kila juma mmoja wao hupokea 1000. Hakuna hati wala wakili. Anayepokea wa kwanza angeweza kutoroka. Hatoroki, kwa maana neno lake ndiyo dhamana yake, na jina la mama yake pia. Wanayo mapipa makubwa ya plastiki yanayosimama pembeni ya chumba miezi mingi. Leo hutiwa mchele, kesho mafuta, keshokutwa viatu vya watoto, hata lijae lisafirishwe nyumbani. Wanayo matanga: mtu akifa, watu hukesha kwa kahawa na nyimbo, na baada ya maziko husali siku tisa. Wanayo pia methali wanayoipenda, isemayo kwamba penye mikono mingi mzigo hauwi mzito. Nasi twasema mkono mmoja haulei mwana. Fedha wanazopeleka kwao zimekuwa, katika miaka hii ya karibuni, kiasi cha sehemu moja katika tano ya pato la nchi nzima. Ndiyo kusema wapishi, wauguzi, madereva na wafagiaji wa ugenini wamekuwa nguzo ya taifa.

Hapa mtu mwenye busara atatupinga. Atasema: "Hayo yote ni mazuri, lakini hata wezi husaidiana. Bwana wetu mwenyewe alituonya kwamba kuwapenda wanaotupenda si jambo la kutuzwa, kwa kuwa hata watoza ushuru walifanya hivyo." Neno hilo ni zito, wala haifai kulikwepa.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika kitabu chake kikuu cha teolojia, afundisha kwamba mapendo yana utaratibu. Hatuwezi kumtendea kila mtu mema sawasawa, kwa kuwa sisi si Mungu. Mikono yetu ni miwili na siku yetu ni fupi. Kwa hiyo twadaiwa zaidi na wale tuliounganishwa nao kwa karibu: wazazi, watoto, ndugu, wananchi wenzetu. Anayejidai kuwapenda wanadamu wote huku mama yake analala na njaa, huyo hapendi mtu yeyote. Anapenda sauti yake tu. Basi kupenda walio karibu hakupingani na mapendo ya wote. Ni shule yake. Mtoto hujifunza kutoa kwa kumpa nduguye kipande cha muhogo, na ambaye hakujifunza hapo, ni shida kujifunza mahali pengine.

Lakini shule si nyumba ya kukaa milele. Mwanafunzi asiyetoka darasani hakuhitimu. Kwa sababu hiyo ushikamano wa watu wa jamii moja una hatari zake, nasi hatutakuwa wakweli tukizificha.

Hatari ya kwanza ni ukuta. Watu waliobanana kwa kujikinga waweza kusahau kwamba nje ya mlango yupo mwingine anayesikia baridi. Hatari ya pili ni mzigo. Kijana wa ng'ambo hufanya kazi mbili, usiku na mchana, huacha masomo, na kila simu kutoka nyumbani ni ombi. Huona haya kusema kwamba naye ana shida, kwa hiyo hudanganya kwamba yu salama. Na kwa kuwa amedanganya, huombwa zaidi. Hapo msaada umegeuka kodi, na undugu umegeuka deni. Mapendo ya kweli humruhusu mtu kusema, "Mwezi huu sina." Jamaa asiyeweza kulisikia neno hilo bila kununa, huyo hampendi ndugu yake, anaipenda posta.

Hatari ya tatu ni yetu sisi tunaotazama kwa mbali. Ni rahisi kuwasifu maskini kwa kushikamana kwao. Twasema, "Tazameni wanavyopendana!" halafu twaenda zetu, tukiwaacha waendelee kubebana peke yao. Lakini mtu aliyezama mtoni humshika mwenzake kwa nguvu kwa sababu hakuna aliyewatupia kamba. Kuusifu ushikamano wa watu na kusahau dhuluma iliyowalazimisha kushikamana hivyo, huo ni udhuru uliovishwa nguo ya sifa.

Basi tutajuaje kama ushikamano wa watu ni fadhila au ni ukuta? Twadhani kipimo ni kimoja: tuangalie kama mlango wao hufunguka kwa nje. Na hapa Wahaiti wametupa mfano ambao haufai kusahauliwa.

Mwezi Februari 1990 idara ya serikali ya Marekani inayosimamia dawa iliagiza kwamba Wahaiti wasitoe damu katika hospitali, kwa kuwadhania wote kuwa hatari kwa ugonjwa wa UKIMWI. Haikuwa habari ya mtu huyu au yule aliyepimwa akaonekana mgonjwa; lilikuwa taifa zima. Tarehe 20 Aprili mwaka huo makumi ya maelfu ya Wahaiti waliacha kazi zao, wakavuka kwa miguu daraja la Brooklyn kuingia kati ya jiji la New York, hata daraja likatetemeka chini yao. Kabla mwaka haujakwisha, agizo lile liliondolewa.

Tulifikiri jambo hili vema. Hapana shaka waliandamana kwa ajili ya heshima yao. Lakini heshima gani? Walikuwa wamekatazwa kutoa. Walidai haki ya kumpa damu yao mgonjwa wasiyemjua, asiyesema lugha yao, ambaye pengine aliwadharau. Twasema damu nzito kuliko maji, na kwa methali hiyo twawafungia wengine nje. Wao walidai damu yao ihesabiwe kuwa ni damu ya watu, nayo iweze kuingia katika mishipa ya mgeni. Nani basi atathubutu kusema kwamba watu hao hupenda wa kwao tu?

Wala si jambo geni kwao. Katika jiji hilo hilo aliishi zamani Pierre Toussaint, aliyezaliwa mtumwa katika kisiwa hicho mwaka 1766, akaletwa New York mwaka 1787. Alikuwa msusi wa mabibi matajiri. Bwana wake alipofariki na mali ya nyumba ikapotea, Pierre alimtunza mjane kwa mapato ya kazi yake, naye mjane akamwacha huru mwaka 1807, karibu na kufa kwake. Kwa fedha zake Pierre alimkomboa dada yake, na pia Juliette ambaye alimwoa. Hayo yalikuwa mapendo ya karibu. Lakini hakukomea hapo: alichanga fedha za kuwalea yatima wasio wa kabila lake, na homa ya manjano ilipoushika mji na wengi wakakimbia, yeye aliwauguza waliobaki. Alifariki mwaka 1853. Mwaka 1996 Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mheshimiwa, na masalio yake yamezikwa chini ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick pamoja na maaskofu wakuu wa New York.

Wako wanaomlaumu. Wasema: kwa nini alimtumikia mjane yule, hali wenzake wa Haiti walikuwa wakimwaga damu kwa ajili ya uhuru? Lawama hiyo ina haki yake, nasi hatupendi mtu yeyote aitumie subira ya Pierre kuhubiri kwamba mtumwa na atulie. Utumwa ulikuwa uovu, na waliouvunja mwaka 1804 walitenda haki. Ila tuangalie kwamba uhuru una kazi mbili: kuvunja mnyororo, na kujua la kufanya kwa mikono iliyofunguliwa. Dessalines na majeshi yake waliifanya ya kwanza. Pierre ametufundisha ya pili. Bakuli la supu linazikumbuka zote mbili, kwa kuwa ni chakula cha ushindi kinachopelekwa kwa jirani.

Na sisi je? Mwezi Septemba 2024 uvumi ulienea Marekani kwamba Wahaiti wa mji wa Springfield, jimbo la Ohio, walikula mbwa na paka wa jirani zao. Wakubwa wa mji walisema hakuna ushahidi wowote, lakini shule zilitishiwa mabomu, na wazazi waliogopa kuwatoa watoto nyumbani. Watu waliovuka bahari wakafanya kazi viwandani na kusali katika makanisa ya mji waligeuzwa hadithi ya kutisha kwa siku chache tu. Aliyeupokea uvumi ule akaupeleka mbele, ingawa yu mbali, aliurusha mkono wake jiwe. Ulimi hauna mpaka wa nchi.

Kwa hiyo, wazazi wapenzi, wafundisheni watoto mambo mawili, wala msiyatenganishe. Wafundisheni kutowasahau wa kwao: kumwandikia bibi, kuhudhuria matanga, kulipa upatu kwa siku yake, kusema lugha ya nyumbani bila haya. Tena wafundisheni kwamba yote hayo ni mazoezi tu. Watakapokuwa wamezoea kubeba bakuli kwa shangazi, wapeni bakuli la pili, waelekezeni kwenye mlango wa yule ambaye hatujui jina lake, aliyehamia juzi, ambaye watu wanamnong'ona. Mtoto atauliza, "Huyu naye ni ndugu yetu?" Msimjibu kwa hotuba ndefu. Mwambieni abishe hodi.