Kupenda Kitu Katika Picha Tusiyoipenda

Mara nyingi tumemsikia mtu atokaye kutazama picha ya sinema akisema neno moja tu: "Mbaya." Akiulizwa ubaya wake u wapi, hulirudia neno lile lile kwa sauti kubwa zaidi, na shauri limekwisha. Nasi tumefanya hivyo, tena si mara moja. Lakini tangu muhula uliopita jambo hili limetusumbua, na sasa twataka kuuliza mbele ya wasomaji wetu: mtu aliyechukizwa na picha kwa haki, na kwa sababu nzito, je, yampasa kutafuta ndani yake kitu cha kupenda? Na akikipata, je, ameisaliti hasira yake?

Tusielewe vibaya. Hatusemi habari ya adabu. Wako watu ambao wakiulizwa juu ya chakula kibovu husifu sahani. Hao hawakupenda kitu, wametafuta mlango wa kutokea tu. Wala hatusemi habari ya picha zilizotengenezwa ovyo, ambazo hazimdhuru mtu ila mwenye kulipa kiingilio. Twasema habari ya picha ifanyayo dhuluma, na juu ya hayo imetengenezwa vizuri.

Mfano wetu ni picha iitwayo Sanders of the River, iliyotolewa Uingereza mwaka 1935. Aliyeiongoza ni Zoltan Korda, na mwenye kuigharimia ni ndugu yake Alexander. Habari yake yatoka katika hadithi za Edgar Wallace. Bwana Shauri mmoja Mwingereza awatawala wenyeji wa kando ya mto huko Nigeria. Aendapo likizo, uvumi waenea kwamba amekufa, na mara wenyeji waanza kuuana. Arudipo na meli yake na bunduki zake, amani nayo yarudi, kana kwamba siku zote ilikuwa imefungwa ndani ya sanduku lake la safari. Tena mwanzoni kabisa yameandikwa maneno ya kuwasifu watumishi wa dola ya Kiingereza, ili mtazamaji asikose kufahamu anatakiwa afikiri nini.

Tuliionyesha picha hii shuleni petu jioni moja, katika masomo ya historia, juu ya shuka jeupe lililotundikwa ukutani. Wanafunzi walicheka mwanzoni, kisha wakanyamaza, kisha wakaanza kunung'unika. Sisi tuliosimama nyuma tulifurahi kuyasikia manung'uniko yale, maana ndiyo tuliyoyataka. Lakini Paul Robeson alipoanza kuimba katika mtumbwi, na wapiga makasia wakimwitikia, chumba kizima kilitulia. Nasi pia tulitulia. Hapo ndipo taabu yetu ilipoanza.

Robeson alikuwa Mmarekani mweusi, mwana wa mtu aliyezaliwa mtumwa akatoroka. Alikuwa amesomea sheria, na mwaka 1934 alijiandikisha katika chuo cha London kifundishacho lugha za Mashariki na za Afrika, akajifunza na Kiswahili chetu. Mtu wa namna hiyo hakuingia katika picha ile kwa kutafuta fedha tu. Alitumaini kwamba Afrika itaonyeshwa kwa heshima. Korda alikuwa amepiga picha barani Afrika za ngoma na nyimbo za wenyeji, na Robeson aliposikia na kuona hayo aliamini. Kazi ilipokwisha, yeye alikuwa Bosambo, jumbe mtii wa Bwana Shauri, amevaa ngozi ya chui, na mojawapo ya nyimbo zake ni ya kumsifu bwana huyo. Baadaye aliikana picha ile hadharani, akasema kwamba jambo la kuitukuza dola liliingizwa mwishoni mwa kazi.

Yupo na mwingine. Ili kukijaza kijiji kilichojengwa huko huko Uingereza, walikodiwa watu weusi waliokuwa wakiishi nchini humo, na mmoja wao alikuwa Jomo Kenyatta, ambaye wakati ule alikuwa akikaa London. Mwaka 1938 alitoa kitabu cha kueleza mila za Wakikuyu, na kuonyesha kwamba zina mpango na akili yake. Mwaka 1964 akawa Rais wa kwanza wa Kenya. Lakini katika picha hii ni mmoja wa watu wasioweza kujitawala hata kwa muda wa likizo ya mtu mmoja.

Basi, tufanyeje na sauti ile? Mwenzetu mmoja, mwalimu mwenye msimamo, alisema kwamba kuipenda ni kunaswa. Alitukumbusha mithali ya wazee, penye urembo ndipo penye urimbo, naye alisema kweli. Uongo usio na uzuri haumwingii mtu. Kama Bosambo angaliimba vibaya, nani angalimkumbuka Bwana Shauri? Sauti ndiyo iliyouvusha uongo mto, kama mtumbwi uvushavyo mzigo. Kwa hiyo, alisema, atakaye kuukataa mzigo na aukatae na mtumbwi.

Tulimsikiliza, nasi hatumdharau. Lakini twaona amesahau jambo moja juu ya namna picha za sinema zinavyotengenezwa. Kitabu huandikwa na mkono mmoja, na huyo mmoja aweza kuulizwa habari ya kila neno. Picha ni kazi ya mikono mingi: yuko aliyeitunga hadithi, yuko seremala aliyejenga kibanda, yuko mshonaji, yuko mpiga ngoma, na wengi wao hawakuulizwa maana ya yote itakuwa nini. Tena chombo cha kupigia picha hakina akili ya kuchagua. Humeza alichokusudia bwana wake, na pamoja na hicho humeza upepo katika majani, uchovu katika bega la mtu, na mguu wa mchezaji ngoma ambaye siku ile alicheza ngoma ya kwao, si ya Korda. Kuyaita yote hayo "mbaya" kwa neno moja ni kumhukumu seremala kwa kosa la mtungaji. Wenyewe husema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na katika picha hii wanyonge ndio hasa waliotenda mema yote yaliyomo.

Mtu aweza kusema kwamba Robeson mwenyewe aliikana, nasi ni nani hata tuipende? Twajibu kwamba alichokikana ni matumizi ya sauti yake. Sauti yenyewe hakuikana. Aliendelea kuimba miaka mingi, katika nchi nyingi.

Siku ya pili tuliwaambia wanafunzi waandike walichokipenda na walichokichukia. Wengi waliandika upande mmoja tu, na tulijua walikuwa wakiandika kutupendeza sisi. Msichana mmoja aliandika kwamba aliipenda sauti, na kwa sababu aliipenda, alichukia zaidi. Tulilisoma neno hilo mara mbili. Sisi tulikuwa tumedhani kwamba upendo na chuki ni kama sahani mbili za mizani, kwamba ukiongeza huku unapunguza kule. Yeye aliona kwamba asiyeona uzuri wa kitu kilichoibwa hawezi kujua ukubwa wa wizi. Mtu aliyesema "mbaya" akatoka, hajui Robeson alinyang'anywa nini. Aliyeisikiliza ile sauti ajua.

Kwa ajili ya neno hilo tuliitazama tena picha ya pili, nyepesi kuliko ile, nayo twaitaja kwa ufupi. Ni Hatari!, iliyotengenezwa na Howard Hawks katika nchi ya Arusha kabla ya uhuru wa Tanganyika wa Desemba 1961, ikatolewa mwaka 1962. Jina lake ni neno letu, milima yake ni milima yetu, na hadithi yake ni ya wageni wakamatao wanyama wa kuuza katika bustani za Ulaya na Marekani. Wenyeji wako karibu katika kila safari, lakini wasemacho hakigeuzi jambo lo lote. Hapana dhuluma ya makusudi humo. Ni kusahauliwa tu, na kusahauliwa nako huuma. Lakini kuna kifaru anayefukuzwa kwa gari katika vumbi, na wachezaji wenyewe wamo garini, na kifaru huyo hakuusoma mchezo. Apiga gari kwa pembe kama apendavyo. Mzee mmoja jirani yetu, aliyekuwa dereva zamani, alikuja kutazama pamoja nasi. Yeye hakumtazama John Wayne hata kidogo. Aliwatazama wale wenye kamba. "Tazameni mikono yao," alisema, "hawa hawachezi. Hawa wanafanya kazi." Tangu hapo sisi nasi tumewatazama wao, na picha ndefu ile imekuwa nyingine machoni petu, ingawa hadithi yake twaiona ya kipuuzi kama zamani.

Imebaki shida moja ambayo hatukuimaliza. Baada ya majuma machache wanafunzi walikuja kuomba tuwaonyeshe tena Sanders of the River, lakini nyimbo za mtoni na zile ngoma tu. Mengine, walisema, tuyaruke, kwa kuwa mashine yaweza. Yule mwalimu mwenzetu alicheka, akatutazama aone tutajibu nini, maana alijua kwamba sasa hoja yetu imetugeukia. Ikiwa sauti si mzigo, kwa nini isipokewe peke yake?

Tulikataa. Hatukuwa na sababu nzuri ya kuwapa wakati ule. Tulisema tu kwamba sauti ile haikuimbwa mahali penginepo, iliimbwa mle, na aipendaye na aijue nyumba iliyofungiwa. Tukawaonyesha yote, tangu maneno yale ya sifa ya mwanzo hata mwisho wake. Safari hii hawakucheka. Kijana mmoja aliondoka katika benchi, akaenda kusimama kando ya shuka, karibu kabisa, akiupitisha uso wake juu ya kundi la wanakijiji kumtafuta Kenyatta, na kivuli cha kichwa chake kikaanguka juu yao. Wenzake walimpigia kelele akae. Hakukaa mpaka kundi lile lilipopita, wala hakuwa na hakika kwamba amemwona.