Kipenyo cha Risasi na Ngazi ya Kujihami: Swali la Gotu

Kaliba, yaani kipenyo cha risasi kinachopimwa kwa milimita, huachiwa mafundi wa silaha, ilhali anayeichagua anakata shauri mapema juu ya nguvu atakayomshukia nayo mtu ambaye bado hajamwona. Huko Gotu, kando ya Ewaso Nyiro katika Kaunti ya Isiolo, ambako Waborana, Waturkana na Wasamburu hunywesha mifugo kwenye mto mmoja, mchungaji ni nadra kuulizwa shauri hilo. Bastola ya milimita 9 ni ya mjini, kwa mwenye leseni. Polisi wa akiba, ambao wenyeji huwaita homugadi, hukabidhiwa bunduki kama G3, yenye risasi ya milimita 7.62 iliyoundwa kwa ajili ya vita.

Kuhusu kiasi cha nguvu kinachohalalika, Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye kitabu chake cha Minhaj kimesomeshwa vizazi kwa vizazi katika pwani ya Kishafii ya Afrika Mashariki, anaagiza kwamba swaili, yaani mwenye kushambulia, azuiwe kwa lililo jepesi linalotosha: akirudi kwa kupigiwa kelele, ni haramu kumpiga; mkono ukitosha, fimbo haihalaliki. Thomas Aquinas, mwanateolojia wa Kikristo aliyefariki miaka 3 tu kabla yake, aliafiki kwa njia nyingine, akisema kujihami ni halali mradi nia iwe kuokoa uhai na nguvu isizidi haja. Wote wawili waliujua upanga, na upanga una ubapa unaoweza kupiga bila kukata.

Risasi haina ubapa. Ya milimita 9 hutoka na nishati ya jouli 500 hivi, ya G3 na zaidi ya 3,000, na nyumba ya fito na mikeka haiwezi kuizuia isimfikie aliyelala ndani. Hata hivyo, mvamizi mwenye AK-47 akiwa mita 300 ng'ambo ya mbuga tupu hatishwi na bastola, na jepesi lisilotosha halimo katika kanuni ya Nawawi. Ngazi iliyobaki kwenye bunduki yenyewe ni kijiti kidogo juu ya kifyatulio cha G3, chenye vituo 3: kufunga, risasi moja moja, na mfululizo. Vidato vingine vyote viko nje ya mtutu, kwa doria na kwa wazee wanaozungumza kabla ya kiangazi.

Linabaki suala gumu zaidi, la ng'ombe. Wafafanuzi wa Kishafii husema kupigania mali isiyo na roho si wajibu, wakamtenga mnyama kwa sababu ana roho ya kuhifadhiwa. Lakini mwizi wa mifugo hataki kumwua ng'ombe, anataka kumswaga akiwa hai, na hapo sababu ya wajibu hudhoofika, ikabaki ruhusa tu. Kwa ruhusa hiyo mchungaji anaweza kuliacha kundi livuke mto bila kufyatua risasi, na watoto waliokuwa wakinywa maziwa yake hawamo katika hesabu ya kaliba yoyote.